Kwanza Kalamu au Kwanza Glavu?

Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake za dawa ili muuguzi aliyesomea tiba shufaa aweze kumwandikia mgonjwa mofini ya kunywa bila kumngoja daktari. Mara nyingi hutajwa kuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wagonjwa wa saratani walikuwa vijijini, madaktari walikuwa mijini, na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilikuwa tayari inakoroga unga wa mofini na maji kupata dawa ya bei nafuu. Dawa ilikuwepo chupani. Aliyekosekana ni mtu wa kuiandika.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowekwa mezani kufungua mjadala huu. Kikao chenyewe ni cha kutunga na wasemaji hawana majina. Miaka, takwimu na matukio wanayorushiana ni ya kweli. Wapo wauguzi watatu: mmoja wa Kampala, mmoja wa Dar es Salaam, na Mkenya aliyehamia London. Yupo pia daktari wa saratani kutoka Mwanza, aliyeombwa asikilize zaidi kuliko kusema, ombi ambalo hakulitimiza. Hoja ni moja: muuguzi wa saratani apewe nini kwanza, mamlaka ya kuamua, au mazingira salama ya kufanyia kazi ambayo tayari anaifanya?

Wa Kampala hakusubiri kukaribishwa.

"Kalamu kwanza," alisema. "Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, imeshafika kwenye neva za mgongo, analia usiku kucha. Mimi ndiye niliyekaa naye. Najua jana alikunywa mofini kiasi gani, najua kama amepata choo au dawa imemfunga tumbo. Halafu nimpigie simu mtu aliye wilaya nyingine, ambaye hajamwona, aniruhusu nimwongezee kidogo? Wenzangu wanaiita tahadhari. Mimi naona ni kuogopa cheo."

Alieleza kwamba ruhusa ya Uganda haikugawiwa ovyo. Muuguzi husoma miezi tisa zaidi ya ujuzi wake wa awali, na anachoruhusiwa kuandika ni mofini ya kunywa. Haya ni mamlaka yenye mipaka, yaliyopimwa kwa kazi iliyopo.

Wa Dar es Salaam alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu: "Dada yangu, hiyo kalamu utaishika kwa mkono upi? Maana huku kwetu wa kulia una kanula na wa kushoto una faili la mgonjwa anayefuata."

Hoja yake ilianzia kwenye ngozi. Dawa za kemo zimetengenezwa kuua seli, na hazina macho ya kutofautisha seli ya mgonjwa na ya anayemhudumia. Mwaka 1979 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wauguzi waliokuwa wakihudumu kwa dawa hizo, wakakuta ndani yake dalili za kemikali zinazoharibu vinasaba. Wauguzi wale hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamekwenda kazini tu. Mwaka 1985 utafiti mwingine wa hukohuko Finland ulihusisha kushika dawa za kemo katika miezi ya mwanzo ya ujauzito na kuharibika kwa mimba. Saiklofosfamaidi, dawa inayotumika kila siku kwa saratani ya matiti na ya damu, imo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu ambavyo vyenyewe husababisha saratani kwa binadamu.

Kinga yake inajulikana. Dawa huchanganywa ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa mbali na uso, na mchanganyaji huvaa gauni lisilopenyeza na glavu mbili kila mkono. Katika nchi tajiri kazi hiyo hufanywa na mfamasia, chumba cha pembeni, na muuguzi hupokea mfuko uliofungwa. Katika hospitali nyingi za nchi maskini anayevunja chupa ni muuguzi mwenyewe, wakati mwingine mezani, dirisha likiwa wazi ili hewa ipite.

"Na mnataka nipiganie kalamu," alisema. "Mimi nataka glavu zisizochanika, kabati linalofanya kazi, na nesi mjamzito ahamishwe kutoka chumba cha kemo bila kuonekana mvivu. Nikipata hivyo, tutazungumza habari za mamlaka."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Huenda alikubali upesi mno, kwa kuwa glavu hazimnyang'anyi daktari kitu. Mjadala wa kalamu ndio unaogusa kiti chake, na ni vyema msomaji aliweke hilo akilini kila anapomsikia akiunga mkono upande wa Dar.

Wa Kampala alirudi na swali moja. "Doksorubisini ile nyekundu, ikianza kuvuja nje ya mshipa, unafanyaje?"

"Nafunga dripu papo hapo. Siitoi sindano kwanza, navuta dawa iliyobaki, nainua mkono."

"Daktari amekuruhusu?"

"Nikimngoja daktari, nyama ya mkono imeshaungua."

"Basi umeamua," alisema wa Kampala. "Unaamua kila siku, ila haiandikwi."

Hapo ndipo mjadala ulipopata uzito wake, na ndipo mwandishi huyu anapoegemea upande wa Kampala. Ukiwasikiliza wauguzi wa saratani wa mabara tofauti wakieleza kazi yao, maelezo yanafanana kupita inavyotarajiwa: kutafuta mshipa uliokwisha kuchoka, kusoma uso wa mgonjwa kabla ya kusoma faili, kufasiri maneno ya daktari kwa ndugu walioduwaa, kugundua homa ambayo kwa mtu asiye na kinga mwilini yaweza kuua kabla ya kesho. Wote wanaamua. Nchi zinatofautiana katika kukiri kwamba wanaamua. Pasipokiriwa, hakuna mafunzo rasmi ya jambo hilo, hakuna nafasi yake kwenye ratiba ya zamu, wala hakuna fungu lake katika bajeti. Na glavu nazo hutoka kwenye bajeti hiyohiyo.

Wa Dar hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Alitoa mfano wa vinkristini, dawa ambayo ikipita kwenye mshipa inatibu, na ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo humuua mgonjwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu kosa hilo, likishauri dawa itayarishwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili mkono uliochoka usipate nafasi ya kukosea. "Hawakusema tumpe muuguzi au daktari mamlaka zaidi," alisema. "Walibadilisha chombo. Mtu aliyechoka humwokoi kwa cheo."

Mkenya wa London alikuwa kimya muda wote huo. Aliposema, alianza na yale ambayo kila mtu alitarajia kuyasikia kutoka kwake. Uingereza ilianza kuwa na wauguzi wa Macmillan mwaka 1975, na leo mgonjwa wa saratani hutazamiwa kupewa muuguzi bingwa mwenye jina na namba ya simu. Tangu 2006 muuguzi aliyefuzu uandikaji wa dawa anaweza kuandika karibu dawa zote zilizo katika ujuzi wake, na mwaka 2012 ruhusa hiyo ilipanuliwa kwa karibu dawa zote zinazodhibitiwa. Wa Kampala alihesabu kwa vidole: 2004 hadi 2012. Hakusema neno, ila alitabasamu waziwazi.

"Tabasamu tu," alijibu wa London. "Lakini msidhani huko nimekuta pepo. Kalamu ninayo, glavu ninazo, kabati lipo. Desemba 2022 nilisimama nje ya lango la hospitali kwenye baridi na bango mkononi, pamoja na maelfu ya wauguzi wa England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mishahara ilikuwa sababu mojawapo. Nyingine ilikuwa zamu zenye watu pungufu. Ukiwa na mamlaka ya kuamua kuhusu wagonjwa wengi kuliko unavyoweza kuwafikiria kwa siku moja, mamlaka hayo yanakuwa njia ya kukubebesha lawama."

Kisha aliongeza jambo ambalo halisemwi sana. Macmillan ni shirika la hisani, lililoanzishwa na Douglas Macmillan mwaka 1911. Wauguzi hao mashuhuri walianza kwa fedha za michango. Nchini Australia wauguzi wa saratani ya matiti walienea kwa msukumo wa taasisi ya McGrath, iliyoanzishwa mwaka 2005 na mchezaji wa kriketi Glenn McGrath na mkewe Jane, aliyekuwa mgonjwa wa saratani hiyo. Hata kwa matajiri, basi, muuguzi wa saratani mwenye nafasi yake mwenyewe alianza kama zawadi kabla ya kuonekana haki. Sweden ilichukua njia tofauti kidogo: mkakati wake wa taifa wa saratani wa mwaka 2009 ulitaka kila mgonjwa awe na muuguzi wake wa mawasiliano, na jambo hilo likaingia katika utaratibu wa kawaida wa huduma.

Daktari wa Mwanza, ambaye sasa alikuwa amesahau kabisa ombi la kunyamaza, aliweka ushahidi mezani. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Linda Aiken, muuguzi kwa taaluma, kuhusu wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30.

"Mmesikia?" aliruka wa Dar. "Idadi!"

"Sijamaliza," alisema daktari. "Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliendana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano huohuo."

"Elimu!" alisema wa Kampala.

Kwa hiyo utafiti mmoja ukagawanywa kama mnofu wa sikukuu, kila upande ukiondoka na kipande chake. Wagonjwa wale walikuwa wa upasuaji wa kawaida, tena Ulaya, na si busara kuhamisha asilimia zake moja kwa moja hadi wodi ya kemo ya Mwanza au Eldoret. Lakini utafiti huo unabomoa jambo moja lililokuwa limejificha chini ya hoja ya kikao: kwamba lazima kuwe na kwanza na pili. Kuhusu idadi, wa London alitaja California, jimbo la kwanza Marekani kulazimisha kwa sheria idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, kuanzia 2004, ambako katika wodi za kawaida muuguzi mmoja hapaswi kuzidisha wagonjwa watano. Wa Dar aliomba namba hiyo irudiwe. Ilirudiwa. Akaiandika kwenye kiganja.

Mazungumzo yangeendelea kwa takwimu kama asingeingia mtu wa tano. Alikuwa ndugu wa mgonjwa, amekaa nyuma, mikono mapajani.

"Samahani wataalamu," alisema. "Kaka yangu alitolewa kipande cha nyama kikapimwa, akazungushwa idara hadi idara. Siku anaanza dripu ya kwanza akamuuliza sista, 'Mwanangu, mimi naumwa nini?' Sista akatutazama sisi. Sisi tulikuwa tumemwomba daktari asimwambie. Sasa yule sista alipaswa kufanya nini?"

Daktari aliinama. Wauguzi watatu walijibu kwa pamoja, na kila mmoja alijibu tofauti.

Hili ni eneo ambalo kalamu na glavu zote hazitoshi, na ndilo wauguzi wengi wa saratani wanalolitaja wanapoulizwa kinachowachosha. Ukanda wetu hauko peke yake. Japani, nchi tajiri yenye mashine za kila aina, ilikuwa na desturi iliyodumu miaka mingi ya daktari kuiambia familia habari za saratani na kumficha mgonjwa. Aliyebaki na mgonjwa saa nane za usiku, akiulizwa, alikuwa muuguzi. Japani ilianza kutambua wauguzi mabingwa wa saratani mwaka 1996, na sehemu kubwa ya ubingwa huo ni kuzungumza: na mgonjwa, na familia, na daktari asiyejua aanzie wapi.

"Mimi ningemuuliza yeye anadhani anaumwa nini," alisema wa Kampala. "Wengi wanajua. Wanapima kama wewe unaweza kulibeba."

"Ningewaita ndugu nje," alisema wa Dar. "Ningewaambia, mzee anauliza. Nawapa hadi kesho asubuhi. Baada ya hapo siwezi kumdanganya mtu ninayemchoma dawa inayomtoa nywele."

Wa London alisema kazini kwake hilo lisingetokea, kwa kuwa mgonjwa huambiwa kwanza. Akatafakari kidogo, kisha akarekebisha: hutokea, hasa kwa wagonjwa wahamiaji ambao watoto wao ndio wakalimani wao, na mtoto akifika kwenye neno saratani hulifasiri kuwa uvimbe. Yeye mwenyewe alishamsikia kijana akilifasiri hivyo kwa Kiswahili mbele ya mama yake, bila kujua kwamba sista aliyesimama hapo ni mtu wa Nakuru. Watu walicheka, na ndugu wa mgonjwa alicheka kuliko wote.

Kicheko hicho kilimpa wa Dar nafasi ya kusema alichokuwa amekibana. "Sista wa Nakuru yuko London. Na Nakuru wana nani?"

Mkenya aliutarajia mkuki huo. Alikumbusha kwamba Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya wa Kenya waliokosa ajira. Wauguzi waliofuzu walikuwa nyumbani bila kazi wakati wodi zikiwa hazina watu, jambo ambalo si kosa la muuguzi. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali za kaunti waligoma miezi mitano hivi. "Mlitaka ningoje hadi lini?" aliuliza.

Daktari alitaja orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 ambazo nchi nyingine zinashauriwa zisiende kuchukua wahudumu wake kwa kampeni. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Kenya haimo. Orodha hiyo haimkatazi mtu kuomba kazi mwenyewe. Inawabana waajiri na mawakala. Ripoti ya shirika hilohilo ya mwaka 2025 ilikadiria upungufu wa wauguzi duniani kuwa milioni 5.8, na muuguzi mmoja kati ya saba anafanya kazi katika nchi asikozaliwa. Muuguzi wa saratani anayeondoka huacha pengo la aina yake, kwa sababu aliyeachiwa zamu huenda hajawahi kuning'iniza mfuko wa kemo.

Ni daktari aliyeleta mfano wa Butaro, kaskazini mwa Rwanda, labda ili kutuliza hewa. Kituo cha saratani kilifunguliwa huko mwaka 2012 na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na Partners In Health, milimani, mbali na mji mkuu, bila daktari bingwa wa saratani anayekaa hapo. Madaktari wa kawaida walitibu kwa miongozo iliyoandikwa na ushauri wa mabingwa wa Boston kwa njia ya simu na intaneti. Wauguzi walifundishwa kutoa kemo na wauguzi wenzao waliotoka Marekani, wakakaa nao bega kwa bega. "Kule kalamu na glavu zilifika kwa lori moja," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza wauguzi wa Kampala na Dar walikubaliana naye bila sharti.

Lililobaki lilikuwa simu: nani anamsikiliza mgonjwa akiwa nyumbani.

Mwaka 2017 Dk. Ethan Basch na wenzake walieleza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 766 wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Baadhi yao walipewa njia ya kuripoti dalili zao kwa kompyuta, na dalili ikizidi, ujumbe ulimfikia muuguzi. Waliotumia njia hiyo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, dhidi ya 26 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kwa ugonjwa huu, miezi mitano ni muda ambao kampuni za dawa huutangaza kwa fahari. Hapa haikuongezwa dawa mpya. Mtu alisikilizwa mapema, na aliyemsikiliza alikuwa nesi.

"Sisi tunafanya hivyo tayari," alisema wa Dar. "Wagonjwa wana namba yangu. Ananipigia wa Kigoma saa tano usiku, ana homa, siku ya kumi baada ya kemo. Namwambia asimeze panadol na kulala, aende hospitali ya karibu sasa hivi, aseme yuko kwenye kemo. Vocha ni yangu, simu ni yangu, usingizi ni wangu. Na akifa njiani, jina litakalotajwa ni langu."

Wa Kampala alisema hiyo ndiyo hasa kazi inayopaswa kuandikwa: simu ya wodi, saa maalumu, daftari lake, na muuguzi aliyepangwa kwenye zamu ya kupokea, mwenye ruhusa ya kumwelekeza mgonjwa bila kumwamsha mtu. Daktari alisema analiunga mkono na kwamba yuko tayari kuandika barua Jumatatu.

"Vizuri," alisema wa Dar. "Zamu ya usiku tuko wawili kwa wodi nzima. Kwenye hiyo barua, andika ni yupi kati yetu atakayeondoka kitandani kwa mgonjwa akakae na simu."

Daktari alisema wataomba mtu wa tatu. Wa Dar alimuuliza mara ya mwisho waliomba lini, na walijibiwa nini. Wa London alianza kueleza jinsi kazini kwake simu hiyo ilivyounganishwa kwa hospitali kadhaa ili wodi moja isibebe peke yake. Wa Kampala alichomoa kalamu akaanza kuchora mpango huo nyuma ya ratiba ya kikao, Mwanza upande mmoja, Dar upande wa pili, akiuliza kila hospitali ina wauguzi wangapi waliosomea kemo. Walibishana kuhusu namba hiyo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana kuhusu jambo lolote lingine siku hiyo.